Mnaondoka Lini

Jumapili, 12 Januari

Tumehamia shamba leo, baada ya misa. Nyumba ya mjini, Lipangalala, tumemwachia mwanangu Viktor na mkewe, ambaye akifagia hafiki pembeni. Mimi na mzee wangu Severini tutakaa huku upande wa Namawala, kwenye dungu letu la miti na nyasi, mpaka mpunga uvunwe. Ndivyo tunavyoishi watu wa bonde hili, nusu ya mwaka mjini, nusu juu ya nguzo na mbu chini yake.

Naandika kwa sababu huku wa kuongea naye ni Severini, na Severini huongea yeye. Shule sikuingia hata siku moja. Herufi nilifundishwa na katekista, nikiwa tayari na watoto, ili niweze kusoma sala. Nikikosea, aliyekosea ni katekista.

Lililo moyoni ni Beno, mtoto wa Viktor. Ni askari. Krismasi alikuja akasema mwezi wa tano kikosi chake kinapelekwa nchi moja ng'ambo ya ziwa. Huko serikali imeanguka na kila mwenye bunduki anajiita serikali. Watakaa mpaka isimame nyingine. Akapiga magoti mbele yangu. "Mchumba wangu," akasema, "nipulizie maji."

Kwetu mtu haendi safari ya hatari bila bibi yake kumpulizia maji ya mdomoni kifuani na kumtamkia maneno. Nimewapulizia watu wa ukoo huu kwa mitihani, kwa uzazi, hata kwa kesi ya baiskeli. Beno nilimwambia, "Inuka. Sina maji." Ndoo ilikuwa pembeni yangu, imejaa. Akainuka, akajipangusa magoti, hakusema kitu. Severini ndiye aliyesema, njia nzima ya kuja huku.

Alhamisi, 16 Januari

Tumepanda. Mgongo huu sio wangu tena.

Jumapili, 26 Januari

Majirani ni wale wale. Mfereji tuliuchimba wenyewe kutoka kijitoni. Unaanza kwa Bernadetha, unashuka kwa Marcelino, unapita kwetu na kwa wengine, unaishia kwa Dativa, mjane. Mgawa maji ni Bernadetha. Hakuna aliyemchagua, ana sauti tu. Kila asubuhi anasimama kwenye tuta, anamtukana mmoja mmoja kwa jina lake, naye anatukanwa. Wanabishana mpaka umande unakauka, kisha maji yanafunguliwa. Ni kelele tupu, lakini kila mtu anajua leo ni zamu ya nani, maana zamu hiyo ametukaniwa.

Dativa tu ndiye hapati. Kwake linafika tope. Leo nikamwambia Bernadetha, "Na yule wa mwisho je?"

"Mama Viktor, maji yakifika kwake, yatafika."

"Wewe ukiyaziba yatafikaje?"

"Basi aje aseme mwenyewe."

Dativa hawezi kusema mwenyewe. Akifungua mdomo anaomba radhi kwanza. Nimerudi dunguni nimekasirika na wote wawili.

Jumatano, 5 Februari

Jua. Udongo umeanza kupasuka.

Jumapili, 9 Februari

Jua bado. Tukiwa misani, Marcelino alibaki na kujifungulia maji. Sylvester, kijana wa Bernadetha, akamkuta na kumpiga na mpini wa jembe. Tumerudi na sala zetu tumemkuta Marcelino anapakiwa kwenye bodaboda kwenda kushonwa kichwa, na maji bado yanamwagika shambani kwake, hakuna aliyekumbuka kuyafunga. Mtu anavuja damu na jirani zake wanaangalia mpunga wa nani umelowa. Nilitema mate. Na mimi nimeangalia, nisiseme uongo.

Jumapili, 16 Februari

Kikao, kwenye uwanja wa kupuria mpunga. Wote wamesema, hakuna aliyesikia. Ndipo mzee wangu akasimama.

Niseme kidogo habari za Severini. Mwaka ule wa vita ya Uganda alikuwa mgambo, wakamchukua. Walimfukuza nduli, jambo jema, watoto wetu kule Kagera walikuwa wamechinjwa. Lakini vita ikaisha na Severini hakurudi. Walibaki kule kushikilia nchi ya watu mpaka ipate serikali. Mvua zilikuja zikaondoka, zikaja tena. Viktor alijifunza kutembea, akajifunza kutukana, baba yake yuko Uganda anawapangia watu wengine foleni ya kununua nyama. Tangu hapo, kila penye ugomvi, dawa ya Severini ni moja. Waletwe watu wa nje wenye nguvu, wakae katikati.

Leo ameitoa tena. "Sisi Uganda tuliwatuliza," akasema. "Wenyewe kwa wenyewe hawaaminiani. Mtu wa nje hana shamba hapa, hana shemeji hapa. Kuna Fidel, tulifahamiana mgamboni. Ana vijana wake wanalinda mashamba. Waje wakae mpaka tutulie."

Marcelino na bandeji yake akaunga mkono. Dativa akanyoosha mkono nusu, akaushusha, akaunyoosha tena. Bernadetha alikataa, lakini mwanawe ndiye aliyepasua kichwa cha mtu, atakataa na mdomo gani?

Nikamwambia Severini tukiwa njiani, "Hao watu watakula nini?"

"Watakula tunachokula."

"Na watalala wapi?"

"Mama Viktor, wewe unaona sufuria tu."

Naona sufuria kwa sababu ni mimi ninayeiosha.

Ijumaa, 21 Februari

Wamefika. Fidel ni mtu mnene, mcheshi, ana filimbi shingoni. Vijana wake wana marungu, na mmoja ana gobore la kufukuzia nguruwe. Shikamoo zao nzuri. Watu wamewapokea kama tunavyopokea mgeni, na hapo ndipo tulipokosea, ingawa leo hakuna anayeliona isipokuwa mimi na nimenyamaza. Tumewachinjia kuku. Tumewapa dungu zuri kuliko yote, la Bernadetha, kwa kuwa liko juu ya mfereji, na yeye akahamia kwa mwanawe na godoro lake kichwani. Halafu hakuna aliyewauliza wanaondoka lini. Kwetu mgeni haulizwi siku ya kuondoka, ni kumfukuza. Angekuwa mkwe au padre, sawa. Lakini mgeni mwenye gobore?

Nilimkonyeza Severini aulize. Akanikazia macho kana kwamba nimejamba.

Jumapili, 2 Machi

Lazima niandike kilicho kweli. Maji yanafika kwa Dativa.

Nimeshuka leo kumwona. Mpunga wake umenyanyuka, umekuwa wa kijani hata unaumiza macho. Alikuwa amekaa tutani, miguu ndani ya maji yanayotembea, kama binti aliyetoka kuolewa. Fidel amepanga zamu, anapiga filimbi, maji yanafunguliwa. Hakuna kelele, hakuna tusi.

"Unawapenda hao," nikamwambia.

"Dada Aurelia, wewe una Severini, una Viktor, una wajukuu. Ukipiga kelele watu wanaangalia nyuma yako kuna nani. Nyuma yangu mimi kuna nini? Kuna kichaka." Akacheza na maji kwa kidole. "Mimi filimbi hiyo ingelia mpaka Krismasi."

Mimi nimekula mpunga wa mfereji huu miaka mingi, na huyu alikuwa anakula tope, na mdomo wangu huu mrefu ulifanya nini? Labda Severini hakukosea. Nimepika maboga, nimempa kipande kikubwa. Sijamwambia kwa nini.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Tumefunga. Mgambo wa Fidel hawafungi.

Jumapili, 23 Machi

Mvua kubwa imerudi, maji yapo ya kutosha hata ya kuogea chura. Mgambo bado wapo.

Fidel amechoka kusikiliza malalamiko, kwa hiyo amemweka Marcelino awe mkuu wa mfereji. Ukiwa na neno, unampelekea Marcelino. Neno lenyewe kwa kawaida ni Marcelino. Jana Agapiti, mzee wa watu, amekwenda kusema tuta lake limesogezwa. Marcelino hakumwangalia usoni. Alimwangalia kijana wa gobore, na kijana wa gobore akasogea karibu, basi. Agapiti akasema hata hivyo tuta halijasogea sana.

Marcelino huyu namjua tangu akiwa hana meno. Alikuwa mwoga, mwizi wa maji wa kawaida, unamtukana anaacha. Sasa anatembea kifua mbele na bandeji amekataa kuitoa ingawa kidonda kimepona.

Na kingine. Watu wameacha kubishana. Asubuhi kila mtu yuko kwake kimya. Nilidhani nitaufurahia ukimya, masikio yangu yamezeeka. Lakini nimemwona Bernadetha amekaa mlangoni kwa mwanawe, anatazama mfereji aliouchimba, mdomo umefungwa. Nikamwambia, "Nitukane basi." Akasema, "Kwa lipi, mama Viktor? Siku hizi kila jambo lina mwenyewe."

Jumamosi, 5 Aprili

Kupata mtandao huku lazima upande kichuguu. Nimepanda, nimempigia Beno.

"Shikamoo, mchumba."

"Marahaba. Unakula?"

"Nakula. Na maji yangu?"

"Niambie kwanza. Mkifika huko mtaondoka lini?"

"Hali ikitulia, Bibi."

"Nani atasema imetulia?"

"Wakubwa."

"Wa kwao au wa kwenu?"

"Sisi sio mgambo wa mfereji, Bibi. Sisi tuna sheria, tuna utaratibu. Tusipokwenda, kuna watu kule wanauawa mchana kweupe. Wanawake kama wewe."

"Kama mimi au kama Dativa?"

"Dativa ndiye nani?"

Nikamweleza mpaka salio likakata. Nimeteremka kichuguu na siafu mguuni na bado sijui kama nimemkataza au nimemruhusu.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Tumetembea njia ya msalaba kwenye matope.

Jumatatu, 21 Aprili

Pasaka imepita na nimejaa kinyaa mpaka shingoni. Niandike yote.

Mpunga wa Bernadetha ndio wa kwanza kukomaa, hauko tayari bado, uko kwenye hatua ile ya pepeta, punje zimejaa na ganda bado bichi. Kila mtu wa huku anajua, pepeta ya kwanza ya shamba anaikata mwenye shamba. Anakaanga, anatwanga, anawapelekea wazee, anapeleka kanisani, halafu ndipo watoto wanaruhusiwa kuiba. Hata mwizi wa bonde hili anasubiri hapo.

Jana nimetoka misani nimesikia kinu kinatwanga upande wa juu. Nikajua Bernadetha ametangulia kurudi, nikafurahi, nikapita na kibakuli changu. Bernadetha hakuwepo. Alikuwa nyuma yangu njiani. Waliokuwa wanatwanga ni vijana wa Fidel, mbele ya dungu lake, ndani ya kinu chake. Na shambani kwake, katikati kabisa, masuke yamekatwa, pamebaki peupe kama kichwa kilichonyolewa na mlevi. Marcelino alikuwa amekaa na Fidel wanakula kwenye ungo.

"Karibu, Bibi," Fidel akaniambia, mdomo umejaa. "Pepeta tamu. Mkuu ametukaribisha."

Nikamgeukia Marcelino. "Umewakaribisha shamba la nani?"

"Mama Viktor, hawa wanatulinda. Watakula mawe?"

"Una shamba lako."

"Langu halijafika."

Bernadetha akafika. Nilimngoja apige kelele. Mwanamke huyu alimtukana mbunge kwenye mkutano. Alisimama akatazama pale palipokatwa, akatazama kinu, kisha akashika kichwa chake kwa mikono miwili na kukaa chini kwenye matope na gauni lake la Pasaka. Dativa alikuwa amekuja na kibakuli kama mimi. Fidel akamkaribisha. Akachukua, Dativa. Akatia pepeta ya Bernadetha mdomoni, akatafuna, anatazama chini, lakini anatafuna.

Nilimnyang'anya kibakuli nikakimwaga. "Hata wewe," nikamwambia.

Akanijibu polepole, kwa mara ya kwanza bila kuomba radhi. "Miaka yote mlikula yangu mbele yangu. Hamkumwaga."

Jumanne, 22 Aprili

Nimelala mchana. Maneno ya Dativa hayatoki.

Ijumaa, 25 Aprili

Kwelea wamekuja kama moshi. Mimi na Severini tumekaa juu ya dungu kutwa nzima kuwaamia, yeye anavuta kamba za makopo, mimi narusha udongo na teo. Tangu Pasaka amekuwa mdogo. Adhuhuri, ndege walipopumzika, akaanza kusema bila kuulizwa.

"Kule kwenye mji tuliokaa, tulimweka mkuu. Fundi cherehani, mtu mpole, anajua Kiswahili. Ndiyo sababu tulimweka, Kiswahili chake. Watu walimkubali."

"Walimkubali au walikubali bunduki?"

Akavuta kamba, makopo yakalia. "Akawa mkali. Mtu akija kwetu kulalamika, tunamwambia, nenda kwa mkuu wenu. Anayelalamikiwa ni mkuu. Sisi hatukujua lugha yao, tungejuaje nani mwongo? Na juu kule, Kampala, ilikuwa hivyo hivyo. Anawekwa huyu, anatolewa, anawekwa mwingine. Tunasikia redioni kama nyie mlivyosikia."

"Na mlipoondoka?"

"Fundi alinishika mkono. Akasema, ninyi mnaondoka, na mimi nakwenda wapi? Baadaye tulisikia hakumaliza wiki. Kisha nchi nzima ikarudi porini kupigana." Akakaza kamba. "Kumtoa nduli sijuti, mama Viktor. Watu wa kule walitubeba mabegani, wanalia. Siku ile tungerudi nyumbani, ningekuwa mtu safi."

"Kwa nini hamkurudi?"

"Tungewaachia nani? Hapakuwa na kitu pale, si polisi, si hakimu, hata wa kumfungia mlevi jela. Na hakuna aliyetuambia tuondoke."

"Nani angewaambia? Ninyi mlikuwa na bunduki, wao walikuwa na adabu."

Ameniangalia muda mrefu, yule mwanaume niliyemsahau sura kwa ajili ya Uganda. Kisha kwelea wakarudi.

Jumapili, 27 Aprili

Nimeuliza.

Baada ya misa nimekwenda moja kwa moja dunguni kwa Bernadetha. Watu wote walikuwa wanapita njiani. Fidel alikuwa ananyoa ndevu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Fidel, mnaondoka lini?"

Watu wakasimama. Niliona Agapiti anavua kofia kama penye msiba. Severini alikuwa nyuma yangu. Nilijua atanivuta gauni. Hakuvuta.

Fidel akashusha wembe. "Bibi, tumekukosea nini?"

"Sijasema mmenikosea. Nimeuliza siku."

"Tukiondoka leo, mtauana."

"Huenda. Mnaondoka lini?"

"Mkuu wa mfereji akituambia kumetulia."

"Marcelino hawezi kusema kumetulia mpaka afe. Siku mkiondoka ndiyo mwisho wa yeye kuogopwa. Mwulize kama namsingizia."

Marcelino alikuwepo. Alishika bandeji yake.

Fidel akacheka, akawageukia wengine. "Huyu bibi anasema peke yake au?"

Nikafikiri, Aurelia, umejiaibisha uzeeni. Ndipo Bernadetha akasema nyuma kule, sauti imekwaruza kwa kukaa bila kazi, "Na mimi nauliza. Nataka na kinu changu." Akafuata Sylvester. Agapiti akasema yeye haulizi ila angependa kujua. Mzee wangu akasema, "Fidel, ndugu yangu, nilikuleta mimi. Siku ya kukuleta ndipo nilipaswa kukuuliza. Naona aibu, lakini nauliza."

Dativa hakuuliza. Alikuwa pembeni amenitazama mimi, sio Fidel.

Wamesema Jumamosi.

Jumamosi, 3 Mei

Wameondoka. Wamechukua na ungo.

Alhamisi, 8 Mei

Fidel hakukosea sana. Usiku wa kwanza tu mpunga wa Marcelino umelazwa kwa miguu, shamba zima, na hakuna aliyesikia. Nimeuliza kila mlango, kila mtu alikuwa amelala usingizi mzito. Marcelino na mkewe wamekimbilia kwa shemeji zake huko Mkula, ameacha hata jembe. Watu wanacheka. Nilimchukia Marcelino, lakini mpunga haukumkosea mtu. Kukanyaga chakula kilichoiva ni unajisi, na waliofanya hivyo watakwenda kupokea komunyo Jumapili wakiwa wamefunga macho.

Kwa Dativa maji yameshazibwa. Hayahitajiki tena, mpunga umeiva. Wameyaziba ili ajue. Kuvuna huku ni kwa kualikana, leo kwako, kesho kwangu, unapika pombe au uji, watu wanakuja na mundu. Dativa amealika. Amepika. Hakwenda mtu. Sufuria ya uji imechacha tutani na yeye amekaa karibu nayo. Wanasema alikula pepeta na mgambo.

Mimi niliuliza siku ya wao kuondoka. Ya kesho yake sikuuliza. Nimekosa hamu ya kula.

Ijumaa, 16 Mei

Beno amefika likizo, amebeba begi, amekonda uso. Wiki ijayo wanapanda ndege. Hajataja maji.

Jumamosi, 17 Mei

Asubuhi nimewaamsha wote wawili, babu na mjukuu. "Chukueni mundu."

"Tunavuna kwa nani?" Beno akauliza.

"Kwa Dativa."

Severini akasema, "Watatusema."

"Kwani sasa wanakuimbia?"

Tumeshuka. Dativa alipotuona alisimama, akafunga khanga, akafungua, hakujua aanzie wapi. Nikamwambia, "Usiniombe radhi. Mimi ndiye ninayekuomba, na sitarudia." Tukaingia. Watu walikaa kwenye matuta yao kama wanatazama sinema. Askari wa serikali ameinama kwenye tope la mjane, anakata masuke vibaya, Severini anamkosoa.

Kutwa nzima hakuja mtu.

Jumapili, 18 Mei

Leo baada ya misa tumerudi. Jua lilipokuwa kali nikasikia sauti tutani. "Nani amemfundisha huyo mtoto kushika mundu? Anakata kama anachinja mbuzi." Ni Bernadetha. Akasimama pale, akamtukana Beno, akamtukana Severini, akanitukana mimi na mgongo wangu. Kisha akamgeukia Dativa na kumtukana hasa, tusi moja baada ya jingine, pepeta, mgambo, kibakuli. Nikasubiri. Dativa akanyoosha mgongo, akajibu. Alijibu tusi dogo, la kitoto, lakini alijibu. Bernadetha akanyamaza kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Akakunja gauni, akaingia tope. Wengine hawakuja. Sisemi watakuja. Wale waliokanyaga mpunga bado tunasalimiana nao, na nikiwashika mkono nanawa.

Tulipopumzika, Beno alikaa karibu nami, matope mpaka masikioni.

"Bibi, kwa hiyo nisiende?"

"Nimesema usiende? Dativa angekuwa amekufa njaa bila wale wanaharamu. Na wale wanaharamu ndio waliofanya leo avune peke yake. Yote mawili nimeyaona kwa macho yangu. Mwenye kutaka nichague moja, aje aishi huku."

"Basi nifanye nini?"

"Siku ya kwanza waambie mnaondoka lini. Wao hawatauliza. Wana adabu."

"Mimi ni askari mdogo, Bibi. Siku siisemi mimi."

"Najua. Ndiyo maana nimechukia tangu Krismasi." Nikajivuta nikasimama. "Piga magoti."

Akapiga palepale, kwenye mabua. Severini akavua kofia. Nikachukua dumu la maji ya kunywa, nikajaza mdomo, nikampulizia kifuani, yakatiririka kwenye fulana yake na matope. Nikaweka mkono kichwani kwake, kichwa ambacho nimekiogesha kikiwa kidogo kama papai.

"Nenda," nikasema. "Risasi zisikuone. Chakula cha mtu kisikupite kooni kama hajakukaribisha mwenyewe. Watu wa huko wakuchoke upesi, wakuambie toka, nawe utoke ukiwa mzima, uje unizike."

Bernadetha akaguna. Severini akasema kwa sauti ndogo, "Mama Viktor, hiyo sio baraka."

"Ndiyo niliyonayo."

Beno hakuinuka. Maji yalikuwa yanamdondoka kidevuni. Akasema, "Bibi, rudia lile la kunichoka."

Nikajaza mdomo tena.